Meno ya Rangi ya Chai

Bwana mkulima, na wewe mama, mtazameni mtoto wenu anapocheka. Je, meno yake ya mbele yana mistari myeupe kama chokaa, au madoa ya rangi ya chai? Msimpige wala kumwita mchafu. Watoto wengi wa Njoro, Naivasha na kwingineko katika Bonde la Ufa huaibishwa bure. Wengine husugua kwa majivu mpaka ufizi ukatoka damu, na doa halitoki, kwa sababu limo ndani ya jino. Mswaki ni wa kuzuia meno yasioze, na kwa kazi hiyo usiachwe.

Kosa ni la maji. Katika nchi hii ya miamba ya volkano, maji ya visima virefu mara nyingi yana floraidi nyingi. Ikiwa kidogo huimarisha meno. Ikizidi huharibu jino lingali likiumbwa ndani ya ufizi, tangu utotoni mpaka kama miaka 8. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Anayekunywa nyingi mno kwa miaka mingi aweza kuumwa hata mifupa. Tena huwezi kuitambua kwa macho wala kwa ulimi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi hubaki sufuriani.

Basi, jaza chupa safi ya plastiki, uipeleke ofisi ya maji ya kaunti uulize namna ya kupimiwa. Floraidi ikizidi, maji ya kisima yawe ya kufua na kuoga. Ya mvua yawe ya kunywa na ya jikoni. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la bati la mita 40 za mraba huleta karibu lita 400, yaani maji ya kunywa na kupikia ya watu 6 kwa siku kumi hivi. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi la paa.

Asiye na tangi aulize habari za vichujio vya makaa ya mifupa ya ng'ombe, ambavyo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilivieneza. Makaa hayo huchoka, lazima yabadilishwe. Usichome mifupa mwenyewe nyuma ya zizi: ikichomwa vibaya maji hunuka, na floraidi haishikwi.

Kijana mwenye madoa tayari, daktari wa meno aweza kuyafunika. Mdogo wake anayenyonya bado hajaharibika. Mjengee tangi kabla ya mvua za Machi.