Bei ya Haki ya Motokaa ya Kale

Kuna motokaa zilizo kuukuu, na kuna motokaa za kale zinazotafutwa. Tofauti baina ya hizo mbili si umri peke yake. Motokaa kuukuu hushuka bei mwaka hata mwaka mpaka ikauzwa kama chuma chakavu. Lakini motokaa ya kale inayopendwa hufika mahali bei yake ikasimama, kisha ikaanza kupanda. Hapo ndipo wengi hupoteza fedha zao, maana muuzaji anajua kwamba neno "ya kale" lina thamani, naye hulitia katika bei yake hata ikiwa kitu chenyewe ni kutu tupu iliyopakwa rangi.

Katika Kenya, motokaa ya namna hii iliyo karibu zaidi na mfuko wa mtu wa kawaida ni ile Volkswagen ndogo yenye mgongo kama wa kobe, ambayo injini yake iko nyuma. Wazee wanaikumbuka vizuri, kwa kuwa ndiyo iliyotoka ya kwanza katika mashindano ya Safari mwaka 1954, tena 1957, tena 1962, ikipita katika matope yaliyozishinda motokaa kubwa kuliko yenyewe. Sifa hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, motokaa iliyoshinda mwaka 1962 siyo hii inayouzwa leo chini ya mwembe, na mnunuzi hana sababu ya kulipia ushindi wa nyingine.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba Volkswagen hizi si adimu. Kiwanda cha mwisho kilichoziunda, kule Mexico, kilikoma mwaka 2003, na jumla yake ilikuwa 21,529,464. Zile zilizo adimu kweli hutambulikana kwa kioo cha nyuma: kioo kilichogawanyika vipande viwili kilikwisha mwaka 1953, na kile chenye umbo la yai kilikwisha mwaka 1957. Hizo zina bei yao mbali, tena ni bei ya matajiri. Zilizobaki, zenye kioo kipana, ndizo za watu wa kawaida. Kwa upande mwingine, kanuni za Kenya haziruhusu kwa kawaida kuleta kutoka nchi za nje motokaa iliyopita umri wa miaka 8. Kwa hiyo zinazouzwa ni zile zilizokwisha kuwamo nchini. Hiyo ndiyo sababu moja halali ya bei kupanda, na mnunuzi aikubali.

Sasa, bei yenyewe hujulikanaje? Wengi hutazama matangazo ya wauzaji wakadhani wamejua bei. Tangazo huonyesha tamaa ya muuzaji tu. Bei ni ile ambayo mtu mwingine alitoa mfukoni mwake akaondoka na motokaa. Afadhali kuwauliza watu watatu au wanne walionunua karibuni motokaa ya aina ile ile na yenye hali inayofanana, kuliko kusoma matangazo hamsini. Tena tangazo lililokaa miezi sita bila kuondolewa linasema jambo moja waziwazi, yaani kwamba bei ile imekataliwa na wote walioiona.

Baada ya hapo huja ukaguzi, na hapa yafaa kwenda polepole. Muuzaji karibu kila mara ataanza kwa kufungua kifuniko cha nyuma na kuisifu injini: ni mpya, haivuji, haijafunguliwa. Asikilizwe kwa adabu, lakini mnunuzi ainame chini. Injini ya Volkswagen hushikwa na nati nne tu, na mafundi wawili wenye ujuzi huweza kuiteremsha kwa muda mfupi; ikiharibika hutengenezwa au hupatikana nyingine. Bodi iliyoliwa na kutu ndiyo imalizayo fedha. Kutu hupenda kujificha katika mifereji ya hewa ya moto iliyo chini ya milango, katika sakafu, mahali gurudumu la akiba linapolala kule mbele, na hasa chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, ambako betri hukaa na maji yake ya asidi hudondoka. Kiti hicho na kiinuliwe. Muuzaji akikataa kiinuliwe, jibu limekwisha kupatikana. Motokaa iliyoishi Mombasa au Malindi, penye upepo wa chumvi, itazamwe mara mbili kuliko ile iliyokaa Nakuru.

Rangi inayong'aa isimpumbaze mtu. Mafundi wengine huziba matundu kwa ule unga uitwao fila, wakalainisha na kupaka rangi, na macho hayawezi kutambua. Sumaku ndogo iliyofungwa katika kitambaa hutambua: hushika penye chuma, na huanguka penye fila. Kifaa hiki hupatikana kwa fedha kidogo sana, nacho kimeokoa akiba za watu wengi.

Injini nayo isiachwe kabisa. Iwashwe ikiwa baridi, kwa kuwa injini iliyopashwa moto kabla ya mgeni kufika huficha mengi. Kisha ikiwa imezimwa, fundi aishike puli kubwa ya mkanda iliyo nyuma, aivute na kuisukuma. Ikisogea mbele na nyuma kwa kadiri ya kuonekana na kutoa mlio wa kugonga, beringi kuu zimekwisha, na gharama yake itolewe katika bei.

Namba ya chasisi imepigwa chini ya kiti kile kile cha nyuma. Katika motokaa za tangu 1965 hadi 1969, tarakimu ya tatu ya namba hiyo huonyesha mwaka wa muundo: inayoanza na 118 ni ya muundo wa 1968. Namba hiyo ilinganishwe na hati za umiliki, pamoja na jina la mwenyewe. Zipo motokaa nzuri ambazo mmiliki aliyeandikwa alifariki zamani na urithi wake haujaamuliwa. Motokaa ya namna hiyo, hata ikiwa safi kama sahani, haina bei mpaka warithi wamalize shauri lao.

Hesabu ya mwisho ni nyepesi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba iliyo nzima ya aina hiyo imeuzwa shilingi 700,000. Fundi asiyejuana na muuzaji amekadiria sakafu na mifereji shilingi 110,000, breki na matairi 50,000, nyaya za umeme 20,000. Jumla ni 180,000. Iongezwe theluthi moja, yaani 60,000, kwa yale ambayo hayakuonekana, maana motokaa ya kale haikosi kuwa na siri. Ondoa 240,000 katika 700,000: bei ya haki ni 460,000. Muuzaji huenda akatoa risiti akaonyesha kwamba yeye ametumia 900,000. Huenda asema kweli, naye apewe pole; lakini gharama alizotumia kwa kujifurahisha si deni la mnunuzi.

Mwalimu aliyestaafu mwenye kiinua mgongo chake aongeze swali moja: bima. Kampuni nyingi hazipendi kutoa bima kamili kwa motokaa yenye umri mkubwa hivyo, na ikigongwa au kuibiwa hasara yote ni yake. Aulize kabla ya kulipa. Chama cha Automobile Association of Kenya hukagua na kukadiria thamani ya motokaa, na karatasi yake husaidia mbele ya kampuni ya bima na mbele ya muuzaji pia.

Fedha zipitie benki, na salio lilipwe siku ile muuzaji anapokubali uhamisho wa umiliki katika mtandao wa Serikali wa eCitizen, wote wawili wakiwa wameketi pamoja.