Video Nayo Ina Mizani

Atungaye shairi hahesabu mizani wino ukisha kukauka. Huzihesabu mdomoni, kwa vidole, kabla kalamu haijagusa karatasi. Vijana wa chuo kimoja hapa Mombasa wamenionyesha kuwa video ya wimbo nayo ina mizani yake, tena yapimika kabla kamera haijafunguliwa.

Wimbo wao ni wa dakika tatu, juu ya mke wa baharia amngojaye mumewe. Fedha ni za kuchangishana, kamera ni ya kukodi kwa siku moja, na nahodha wa mashua amewaambia wazi kuwa hangojei mtu maji yakianza kupwa. Siku hiyo ikipotea, hapana nyingine.

Kwanza walichora. Kila tukio picha moja, kwa kalamu ya risasi, watu kama vijiti wenye vichwa vya mviringo. Hiyo ndiyo storibodi. Si jambo jipya: katika studio ya Walt Disney kule Marekani, michoro ya namna hiyo ilibandikwa ukutani tangu mwanzo wa miaka ya 1930, kisa kizima kikasomwa kabla ya kazi kubwa kuanza. Lakini picha ya ukutani haisemi itadumu muda gani.

Kasoro hiyo huondolewa na animatiki. Michoro ile ile hupigwa picha kwa simu, ikatiwa katika kompyuta na kupangwa juu ya wimbo wenyewe, kila mchoro na muda wake. Wimbo wao una mapigo 100 kwa dakika. Mapigo manne, ambayo ndiyo mwendo mmoja wa ngoma, huchukua sekunde 2.4, basi dakika tatu zina miendo 75. Video yao huenda fremu 25 kila sekunde, hivyo pigo moja hula fremu 15 kamili. Nilicheka kwa furaha, kwani mshororo wetu wa mizani 16 nao hukatwa kwa kina, nane huku na nane huku.

Mashua ikiingia bandarini ilikuwa imepewa miendo miwili, yaani sekunde zisizotimia tano. Mashua gani hiyo ya tanga? Binti aliyeshika kompyuta akasema, "Ami, ndiyo sababu tunachora kwanza. Ingekuwa tumeshapiga, tungelia." Wakaigawa: tanga mwanzo wa wimbo, omo katikati, kamba ikitupwa mwisho. Kiitikio nacho kilirudi mara tatu na uso ule ule wa mke. Wakatia mlango wa nakshi na kikombe cha kahawa kilichopoa. Tukio la sokoni, lililotaka watu kumi na nauli zao, halikupata hata mwendo mmoja. Likafutwa.

Chini ya kila mchoro wameandika hali ya maji saa hiyo, na nafasi za adhuhuri na alasiri zimeachwa wazi, kwani ngoma haipigwi msikiti ukiadhini.

Nina shaka moja. Aizoeaye mno michoro yake huenda asilione la heri litakalomjia siku yenyewe, upepo au ndege wa pwani. Niliwaambia hivyo. Wakanijibu kuwa wameacha miendo minne mitupu kabla ya ubeti wa mwisho, makusudi. Jibu hilo lilinipendeza kuliko michoro yote.

Wanapiga Jumamosi, asubuhi, maji yakijaa.