Kivu: Sonona haiponi kwa kidonge peke yake

Mtu halali usiku, hana hamu ya chakula, kazi inamshinda, na hata kicheko cha watoto wake hakimfurahishi tena. Majirani wanasema ana « mawazo mengi ». Wengine wanasema amerogwa. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa, na unatibika.

Katika Kivu, wengi wanaanzia kwenye chumba cha maombi au kwa mganga wa kienyeji, na wanafika hospitalini wakiwa wamechelewa. Huko nako, matibabu mazuri hayaanzi na kidonge. Mwili unapimwa kwanza, kwani upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo au pombe vinaweza kuleta dalili zinazofanana na sonona.

Halafu yanakuja mazungumzo. Mwaka 2013, jarida la New England Journal of Medicine lilitangaza utafiti uliofanywa mashariki mwa Kongo kwa wanawake 405 waliopatwa na ukatili wa kingono au kuushuhudia. Miezi sita baada ya matibabu, ni 9% tu ya waliotibiwa kwa mazungumzo ya kikundi waliokuwa bado na dalili kali za sonona au wasiwasi. Kwa wale waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja, walikuwa 42%. Vikundi hivyo viliongozwa na wasaidizi Wakongo waliofundishwa kazi hiyo, si madaktari.

Dawa, kama fluoksetini, zina nafasi yake hasa ugonjwa ukiwa mkali. Lakini zinachukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi. Wengi wanaziacha mapema wakidhani hazina nguvu, wengine wanaziacha mara tu wanapopata nafuu, na ugonjwa unarudi. Anayetumia mitishamba amwambie daktari wake, bila haya.

Tena kuna maisha yenyewe. Mgonjwa akirudi kwenye njaa, deni au mume anayempiga, dawa itamsaidia kidogo tu. Ndiyo sababu hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inaunganisha matibabu ya mwili, msaada wa kisaikolojia, msaada wa sheria na kumsaidia mtu kujitegemea.

Maombi hayakatazwi. Mchungaji anayemwombea mgonjwa kisha akamsindikiza kwenye kituo cha afya anafanya kazi kubwa. Bukavu kuna kituo cha SOSAME, na Goma kuna Tulizo Letu, vinavyotibu magonjwa ya akili.

Na ndugu yako akisema heri afe, usimcheke wala usimgombeze. Usimwache peke yake, ondoa sumu na dawa nyumbani, umpeleke kwa muuguzi siku hiyo hiyo.