Rada za Angani na Jinsi Zinavyoongezewa Uwezo

Kamera ya setilaiti huhitaji mwanga wa jua na anga lisilo na mawingu. Wakati wa mvua kubwa, ambapo habari za mafuriko hutakiwa zaidi, kamera hiyo huona mawingu matupu. Rada haina udhaifu huo. Yenyewe hupeleka mawimbi ya redio ardhini na kupokea mwangwi wake, usiku na mchana, wala mawingu hayaizuii. Maji yaliyotulia huyatupa mawimbi upande mwingine, hivyo huonekana meusi. Meli ya chuma huyarudisha kwa nguvu, hivyo hung'aa.

Tatizo la kwanza ni antena. Setilaiti ya Sentinel-1A, iliyorushwa na nchi za Ulaya tarehe 3 Aprili, 2014, iliwekwa katika kimo cha kilomita 693, nayo antena yake ina urefu wa mita 12.3. Antena hiyo peke yake isingeweza kupambanua vitu vilivyoachana kwa chini ya kilomita 3. Dawa ilibuniwa mwaka 1951 na mhandisi wa Kimarekani, Carl Wiley. Miangwi inayopokewa chombo kikiwa safarini huhifadhiwa, kisha hujumlishwa kwa hesabu, kana kwamba imepokewa na antena moja ndefu mno. Ndivyo ulivyo ushirika: mchango wa kila mwanachama ni mdogo, bali jumla yake hutenda makubwa.

Tatizo la pili ni upana. Rada ikitazama eneo kubwa zaidi, picha hupungua ubainifu. Kwa kawaida Sentinel-1 hupiga ukanda wa kilomita 250, na kupambanua vitu kwa kadiri ya mita 5 kwa 20.

La tatu ni marudio. Setilaiti moja hurudia njia yake kila siku 12. Mbili zikipokezana, kila siku 6. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, setilaiti hizo zilikuwa mbili, na picha ya tarehe 19 ilionyesha maji yalivyotanda. Desemba 2021 Sentinel-1B iliharibika umeme, na pengo lake likangoja Sentinel-1C, iliyorushwa Desemba 2024.

Kwa hiyo katibu wa chama aletewapo ramani ya mafuriko ya namna hii, yafaa aulize mambo mawili kabla ya kuwashauri wanachama: picha ilipigwa tarehe gani, na inapambanua mita ngapi. Ramani ya juzi haielezi maji ya leo.