"Mji Mahiri" na Istilahi Zinazoambatana Nayo

Siku hizi tunaletewa maswali mengi, hasa na watafsiri na maofisa wa halmashauri, kuhusu jina lifaalo kupewa mpango wa kuendesha miji kwa msaada wa vyombo vya kidijitali, ambao Waingereza huuita smart city. Wako wanaoandika "mji janja", wako wanaoandika "jiji janja", na wengine "mji mwerevu" au "mji mahiri". Wako pia walioamua kuliacha neno la Kiingereza kama lilivyo, wakidhani kuwa kwa kufanya hivyo wamelikwepa tatizo. Katika makala haya tunakusudia kuieleza dhana yenyewe, kisha kuyapima maneno hayo na mengine machache yanayofuatana nayo.

Tuanze na dhana. Kila mji una shughuli zake za kila siku: maji, umeme, taka, usafiri, mitaro. Kwa desturi habari za shughuli hizo zilikusanywa na watu waliopita mitaani na madaftari, nazo zilifika ofisini baada ya majuma au miezi. Katika mpango tunaouzungumzia, habari hukusanywa na vyombo vilivyofungwa mahali penyewe, au hutumwa na wakazi kwa simu, zikamfikia msimamizi papo hapo, naye akaamua kwa kuzitazama. Lengo ni kupunguza upotevu: bomba linalovuja lijulikane kabla maji hayajamwagika kwa wiki nzima, na taa ya barabarani isiwake mchana.

Msomaji asidhani kuwa jambo hili liko mbali naye. Mkazi wa Tanzania anunuaye umeme kwa simu na kubonyeza tarakimu 20 katika mita yake ameshaingia ndani ya dhana hiyo. Wala hatujasikia mtu akiuliza maana ya LUKU. Herufi hizo zinatokana na maneno "Lipa Umeme Kadri Utumiavyo", na maneno hayo yanamwambia mtumiaji atafanya nini na atapata nini. Vivyo hivyo mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, ambamo wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora ramani za mitaa inayokumbwa na mafuriko. Neno "huria" lilitosha kueleza kuwa ramani hizo ni za kutumiwa na yeyote.

Sasa tuje kwenye sifa ya mji. Neno "janja" limepata nguvu kwa sababu ya "simu janja", ambayo imekwisha kuzoeleka. Lakini likiambatanishwa na mji, sarufi inadai "mji mjanja" na "miji mijanja", na hapo ndipo maana ya asili inapojitokeza. Mjanja ni sungura wa hadithini. Ni mtu anayepata chake kwa kumzunguka mwenzake. Halmashauri inayowaomba wakazi waiamini na habari za nyumba zao haifai kujitangaza kwa sifa hiyo. "Mwerevu" ni neno safi zaidi, ila wingi wake, "miji myerevu", ni mzito ulimini, na tunashuku kuwa watu wataukwepa. Sisi tunapendekeza "mahiri". Neno hili halibadiliki katika umoja wala wingi, halina harufu ya hila, na hutajwa kwa fundi aliyepata ustadi kwa kutenda. Sifa ya namna hiyo haitolewi siku ya uzinduzi.

Kuhusu "mji" na "jiji", tofauti ni ya kisheria zaidi kuliko ya kiisimu. Jiji ni hadhi inayotangazwa, kama Dodoma ilivyotangazwa tarehe 26 Aprili 2018. "Mji" hubeba maana pana, kama katika "mipango miji". Kwa hiyo istilahi ya jumla iwe "mji mahiri", ambayo itaenea hata kwa Konza, mji ambao Kenya ilianza kuujenga mwaka 2013 penye uwanda mtupu, kilomita zipatazo 60 kutoka Nairobi.

Chombo kinachopima na kupeleka habari nacho kimepata majina mengi. Kwa maana, neno ambalo lingefaa sana ni "king'amuzi", kwa kuwa kung'amua ni kutambua kilichofichika. Bahati mbaya neno hilo lilichukuliwa na kile kisanduku cha televisheni wakati Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia mwishoni mwa mwaka 2012, na haliwezi kurudishwa. "Kihisishi" nalo limo mikononi mwa walimu wa sarufi. Limebaki "kihisi", nasi tunaliona linafaa: kihisi cha maji, kihisi cha joto, vihisi vya barabarani. Kihisi kilichofungwa mtoni hakina faida ikiwa onyo lake litaharibika njiani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Mtafsiri anayeyabadilisha maneno haya ili kupamba mtindo, akaandika "angalizo" penye "tahadhari", amemshusha mkazi wa bondeni ngazi moja nzima.

Neno linalotusumbua zaidi ni "endelevu". Kwa umbo halina kasoro. Limetokana na "endelea" kama "legevu" lilivyotokana na "legea" na "potevu" na "potea". Kasoro imeingia katika matumizi. Tangu ripoti ya tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilipotolewa mwaka 1987, dhana hii ina maana maalumu: kutosheleza mahitaji ya leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kutosheleza ya kwao. Lakini katika hotuba na barua za ofisini tunasikia "zoezi hili ni endelevu", yaani halijaisha, au litarudiwa. Sasa tuchukue tangazo lisemalo "mradi endelevu wa mitaro". Mhandisi anaelewa kuwa mitaro itadumu, itazibuliwa kwa gharama inayomudika, na haitawamwagia maji walio chini ya mto. Mkazi anaelewa kuwa uchimbaji utakuwa mbele ya mlango wake bila kikomo. Wote wawili wamesoma sawasawa. Tunawaomba maofisa waseme "zoezi linaendelea", ambayo ni sentensi kamili isiyohitaji mapambo, na waliache "endelevu" lifanye kazi yake.

Watu wakipata chombo wanachokitumia kila siku, huenda wakakipa jina kabla yetu. Jina rasmi la mabasi yaliyoanza kazi Dar es Salaam mwezi Mei 2016 ni "mabasi yaendayo haraka". Abiria walisema "mwendokasi", wakamaliza. Walimu wa fizikia wana haki ya kunung'unika kidogo, ingawa mwanafunzi hupata mara chache kulichanganya basi na kipimo.

Limebaki suala la "data", "takwimu" na "taarifa". Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Hiyo ni takwimu. Kipimo kimoja kilicholetwa na kihisi ni data, na kikishafasiriwa, kwamba daraja halipitiki, kimekuwa taarifa. Hata hivyo, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mambo yanayolindwa ni yale yale. Mtafsiri wa hati ya Tanzania asiandike "data binafsi" mahali sheria iliposema "taarifa binafsi", hata akiona mgawanyo wetu hapo juu ni bora, kwa kuwa mkazi ambaye picha au namba yake imetumiwa vibaya atakwenda kudai haki kwa maneno yaliyomo katika sheria.