USUKANI ULIOLEGEA: TULIVYOITENGENEZA LAND ROVER YA BABU

Wahenga hawakukosea walipoamba kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumbani kwetu Siongiroi, katika Kaunti ya Bomet, ufa wenyewe haukuwa ukutani bali ulikuwa chini ya gari. Nimeamua kuandika makala haya ili wenzangu ambao kwao kuna gari kuukuu wajue jinsi stelingi inavyochakaa, jinsi ya kuutafuta ugonjwa wake na jinsi ya kuutibu.

Gari ninalozungumzia ni Land Rover Series III ya mwaka wa 1979. Magari ya aina hiyo yaliundwa kuanzia 1971 hadi 1985. Hii yetu ilikusanywa Thika, katika kiwanda kilichoanzishwa mwaka wa 1974 kwa jina Leyland Kenya, ambacho baadaye kilikuja kuitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Namba yake ni ile ya zamani, herufi tatu na tarakimu tatu, bila herufi ya mwisho. Babu yangu, ambaye sisi Wakipsigis tunamwita kugo, anaipenda kama ng'ombe wa maziwa. Na kusema kweli kazi yake ni ya maziwa. Kila asubuhi hubeba mitungi yetu na ya majirani hadi kwenye mtambo wa kupoza maziwa, na ikirudi huwapa lifti watoto wanaokwenda shule.

Sasa sikieni yaliyotukuta. Ilikuwa wakati wa mvua ya masika. Amu yangu alikuwa akiendesha, nami niko nyuma nimeshikilia mitungi. Tulipoanza kuteremka kuelekea kijito, gari lilianza kuyumba kama mlevi. Amu anakata kushoto, gari halisikii. Anazidisha kidogo, mara linaruka kushoto kupita kiasi! Tulisimama gurudumu moja likiwa ukingoni mwa mtaro. Mitungi miwili ilimwagika lakini, alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Watoto wa shule walikuwa bado hawajapanda. Jioni hiyo kugo alisema neno moja tu: "Gari hili halimbebi mtoto wa mtu tena mpaka lipone."

Fundi mmoja aliitwa. Alitikisa usukani mara mbili akasema sanduku la stelingi limekufa, linunuliwe lingine. Bei aliyotaja ingemeza pesa zetu za maziwa za miezi mitatu. Baba akashauri gari liuzwe kama chuma chakavu. Kugo hakujibu. Alikaa kimya siku mbili, kisha akaniita: "Wewe unayesoma Fizikia, njoo tulale chini ya gari."

STELINGI INAVYOFANYA KAZI
Kabla ya kutibu, sharti umjue mgonjwa. Katika Land Rover hii, ukizungusha usukani, mzunguko huo huingia kwenye sanduku la stelingi. Sanduku husukuma mkono wa chuma mbele na nyuma. Mkono huo husukuma fito la kwanza, linaloenda hadi kwenye rilei, yaani mhimili mfupi uliosimama ndani ya chuma cha mbele cha chesisi. Rilei husukuma fito la pili, ambalo huligeuza gurudumu moja. Fito la tatu huunganisha magurudumu yote mawili ili yageuke pamoja.

Hesabu basi: mafito matatu, kila fito lina ncha mbili, na kila ncha ina boljointi. Jumla ni boljointi sita. Boljointi ni kitufe cha chuma kilichokaa ndani ya kikombe chenye grisi na kufunikwa kwa kofia ya mpira. Kofia ikipasuka, matope huingia, grisi hutoka, na kitufe huanza kusagika. Barabara zetu za udongo mwekundu mnazijua!

Hapa ndipo nilipopata funzo kubwa. Boljointi moja ikilegea kidogo tu, huwezi kuhisi kitu. Lakini zikilegea tatu au nne, ulegevu huo mdogo mdogo hujumlishwa, na wote hufika mikononi mwa dereva. Haba na haba hujaza kibaba, hata katika ubaya. Usukani wetu ulikuwa unazunguka upana wa vidole vinne kabla gurudumu halijatikisika. Kumbe si lazima sanduku liwe limekufa!

KUTAFUTA UGONJWA
Tuliliegesha gari mahali tambarare, injini imezimwa, magurudumu yote yako chini. Ndugu yangu mdogo aliketi kwa dereva akawa anazungusha usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia. Mimi na kugo tulilala chini, tukashika boljointi moja baada ya nyingine. Iliyo nzima, pande zake mbili huenda pamoja. Iliyochakaa, utahisi upande mmoja unaanza na mwingine unachelewa, halafu "tok!" kiganjani. Tulipata mbovu nne kati ya sita. Mkono wa sanduku wenyewe ulikuwa unaitikia mara tu usukani ulipoguswa. Kugo alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

Kisha tukainua upande mmoja kwa jeki, tukaweka magogo mazito chini ya ekseli. Nilishika gurudumu juu na chini nikalitikisa. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Ulegevu ukiisha, ugonjwa uko kwenye beringi za gurudumu. Ukibaki, uko kwenye pini ambazo gurudumu hugeukia. Letu halikucheza. Tukafanya hivyo upande wa pili.

KUTOA NA KUWEKA
Spea tulinunua Kericho mjini, boljointi zote sita. Nilimuuliza kugo kwa nini tusinunue nne tu. Alinijibu kuwa mbili zilizobaki zimekula matope yale yale kwa miaka ile ile. Muuzaji alituuliza, "Za kulia au za kushoto?" Nilidhani anamaanisha pande za gari. La hasha! Alimaanisha uzi wa skrubu. Kila fito lina ncha moja ya uzi wa kawaida na nyingine ya uzi wa kinyume, ndiyo sababu ukilizungusha fito lenyewe hurefuka au hufupika. Basi tatu ni za kawaida na tatu ni za kinyume.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi:

Kwanza, usiku uliotangulia tulisugua nati kwa brashi ya waya na kuzilowesha mafuta ili kutu ilegee.

Pili, tulipima kila fito kutoka katikati ya boljointi moja hadi katikati ya nyingine, tukaandika kwenye daftari. Usiruke hatua hii.

Tatu, tulitoa kotapini na kulegeza nati, lakini hatukuitoa kabisa. Shina la boljointi limechongoka na limekwama ndani ya tundu la mkono wa chuma. Usigonge ncha yake, utaharibu uzi. Shikilia nyundo nzito upande mmoja wa tundu, kisha gonga upande wa pili kwa nyundo nyingine. Tundu hutikisika, na shina huruka lenyewe. Ile nati uliyoiacha ndiyo inayozuia fito lisikuangukie usoni.

Nne, tulilegeza klampu za fito na kufungua boljointi kuukuu, tukihesabu mizunguko. Hapa niliumbuka. Boljointi moja nilihangaika nayo karibu saa nzima, natoa jasho, kugo ananitazama tu. Mwishowe akauliza kwa upole, "Mjukuu wangu, hiyo si ya kinyume?" Kumbe nilikuwa naikaza!

Tano, tuliingiza mpya kwa idadi ile ile ya mizunguko, tukalinganisha urefu na daftari, tukafunga nati na kutia kotapini mpya. Kotapini kuukuu hairudishwi. Ni kijiwaya tu, lakini ndicho kinachozuia nati isifunguke ukiwa mteremkoni.

KUNYOOSHA MAGURUDUMU
Wengi huachia hapo, halafu matairi huisha upande mmoja. Magurudumu ya mbele ya gari hili hayatakiwi kuwa sambamba kabisa. Mbele yanapaswa kukaribiana kuliko nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Nyumbani tulifanya hivi: magurudumu yakiwa yameelekea mbele, tulichora alama ya chaki katikati ya kila tairi, upande wa mbele, kimo cha ekseli. Tukapima kutoka alama hadi alama. Kisha tukasukuma gari mbele polepole hadi alama zikafika nyuma, kimo kile kile, tukapima tena. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo unayoitafuta. Isiporidhisha, zungusha fito la tatu kidogo, sukuma gari mbele tena, upime upya. Tulirudia mara tano ndipo tukakaza klampu.

TAHADHARI
Wenzangu, msinielewe vibaya. Jeki pekee si kitu cha kuaminiwa, usilale chini ya gari bila magogo au stendi imara. Rilei nayo usiifungue nyumbani. Ndani yake mna springi kali iliyobanwa, ikitoka ghafla inaweza kumjeruhi mtu vibaya. Yetu ilikuwa nzima, tukaiongezea mafuta tu. Isitoshe, kazi ya stelingi lazima ikaguliwe na jicho la pili. Kugo alimwita fundi mwingine, mzee mwenzake, akapapasa kila nati na kila kotapini. Aligundua klampu moja niliyosahau kuikaza. Moja tu! Nilinyamaza kimya, maana nilikumbuka ule mtaro.

Baada ya hapo amu alilijaribu gari polepole uwanjani, kisha barabarani, bila abiria. Usukani sasa hauchezi zaidi ya upana wa kidole kimoja. Gharama yote haikufika malipo ya maziwa ya mwezi mmoja. Hakuna tena anayetaja chuma chakavu.

Jumatatu iliyofuata Land Rover iliteremka tena kuelekea kijito ikiwa na mitungi, ikarudi na watoto wanne wa shule. Kugo alisimama langoni, mkono kwenye fimbo, akaitazama mpaka ikapotelea kwenye kona. Ndipo akaniambia nikaoshe grisi nikanywe mursik.

Funzo langu kwenu ni hili: anayekuambia kitu kizima kimekufa kabla hajakigusa, mshukuru, kisha nenda ukakiguse mwenyewe. Na ukishamaliza kukitengeneza, mwite mwingine akiguse pia.