Tuzo kwa Jina la Mzee, Kifungo kwa Amri ya Serikali Yake

Jioni ya Jumapili, pale Mama Ngina, kisiwani Mombasa, watu hukaa chini ya mibuyu wakitafuna mihogo ya kukaanga na kunywa madafu, huku meli zikipenya mlangoni kuelekea Kilindini. Bustani hiyo ilitengenezwa upya kwa fedha nyingi, na mwezi Oktoba 2019 sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zikafanyiwa papo hapo. Jina lake ni la mke wa Rais wa kwanza wa nchi hii. Ikulu ya Mombasa haiko mbali, na ni katika mji huu ambamo Mzee Jomo Kenyatta alifariki dunia mwezi Agosti 1978.

Lakini ni wangapi kati ya waketio hapo wanaomjua Abdilatif Abdalla?

Huyu ni mwana wa Mvita, aliyezaliwa mwaka 1946. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, karani katika idara ya hesabu ya Baraza la Manispaa ya Mombasa, alipoandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Hiyo ilikuwa mwaka 1968, baada ya wagombea wa chama cha upinzani cha KPU kuzuiwa kushindana katika uchaguzi wa mabaraza. Waraka huo uliihoji serikali waziwazi: je, uhuru tulioupigania ndio huu? Jibu alilopewa lilikuwa kifungo cha miaka mitatu kwa kosa la uchochezi. Aliingia gerezani mwaka 1969, akatoka 1972.

Huko kifungoni, akiwa ametengwa na wenzake, alitunga mashairi akayaandika kwenye karatasi za chooni. Ndiyo yaliyotoka mwaka 1973 katika diwani iitwayo Sauti ya Dhiki, yenye utangulizi wa Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu mwingine wa Mvita ambaye Kiswahili kinamdai shukrani nyingi. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Msomaji na atafakari: serikali ya Mzee ilimfunga mtu kwa maneno yake, kisha maneno aliyoyatunga ndani ya kifungo hicho yakatuzwa kwa jina la Mzee huyo huyo. Wakati huo mshairi alikuwa ameshaondoka nchini, yuko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Baadaye alihamia London, akatangaza katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na hatimaye akawafundisha Wajerumani lugha yetu katika Chuo Kikuu cha Leipzig kwa miaka mingi.

Pendekezo langu ni dogo. Pale Mama Ngina pawekwe jiwe lenye jina lake na beti zake chache. Sisemi bustani ibadilishwe jina. Ugomvi wa majina ya barabara umetuchosha. Wala sitaki sanamu, kwani wenyeji wengi wa Mji wa Kale hawangeridhia, nao wana haki yao. Jiwe latosha.

Wako watakaosema kwamba huko ni kufukua makaburi. Nawajibu kwa mfano wa mbali. Mshairi Mmarekani mweusi, Langston Hughes, aliyefariki mwaka 1967, aliwahi kuitwa mbele ya kamati ya Baraza la Seneti mwaka 1953 kuhojiwa juu ya maandishi na itikadi zake. Leo majivu yake yamezikwa chini ya sakafu ya maktaba ya Schomburg, mtaani Harlem, New York, na wasomaji hupita juu yake. Nyumba yake ya Mtaa wa 127 imehifadhiwa na mji. Marekani haikubomoka kwa sababu hiyo.

Jambo linalonitia wasiwasi ni aina ya beti zitakazochaguliwa. Kamati zetu zina mazoea ya kutafuta maneno ya subira na adabu, yasiyomuudhi mkuu yeyote atakayekuja kukata utepe. Abdilatif anayo ya namna hiyo, lakini kumwekea hayo peke yake ni kumfunga mara ya pili. Zichongwe beti za shairi lake liitwalo Siwati, ambalo ni tamko la mtu aliyekataa kuuacha msimamo wake. Na zichongwe katika Kimvita kama alivyoandika, pasina kusanifishwa. Mtoto wa bara atauliza maana ya siwati, naye mtoto wa Kibokoni atamwambia ni siwachi, kama vile mato ni macho na ndia ni njia. Hapo patakuwa na darasa ambalo shule zetu hazilitoi, kwa sababu wanafunzi huambiwa kwamba lahaja hizi ni makosa ya kusahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Gharama yake ni ya fundi mmoja na bamba la jiwe. Serikali ya Kaunti ya Mombasa ina idara ya utamaduni, na wazee wa Mvita wanaozihifadhi beti hizo vifuani bado wapo. Na waitwe wao kwanza, kabla ya mkandarasi.